Maswali ya Wasomaji: Sarafu Bandia kwenye Chenji

Shikamoo mama. Nauza dukani. Jana nikihesabu mauzo nimekuta sarafu moja inayonitia shaka: rangi imepauka, maandishi yamefifia, ila mkononi naona uzito ni uleule. Nitajuaje kama ni bandia au imechakaa tu?

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuizuia kabla haijatoka tena. Nimekaa dirishani benki miaka mingi nikipokea mifuko ya sarafu, na wote waliokuja kujifunza kwangu niliwaambia jambo hili kwanza: sarafu unayoishuku usiitazame peke yake. Tafuta nyingine ya thamani ileile na toleo lilelile, ambayo huna shaka nayo, uziweke pamoja.

Anza pembeni. Watu hukimbilia kutazama picha, na mghushi analijua hilo, kwa hiyo bidii yake huishia kwenye picha. Ukingo ndio unaomshinda. Zisimamishe zote mbili penye mwanga, uzizungushe taratibu. Kama ni sarafu yenye vijimeno, kwenye ile halali vina kina kimoja na nafasi sawa mzunguko mzima. Kwenye ya bandia utaona mahali vimefifia, mahali vimekatika, na pengine kijistari chembamba kinachozunguka katikati ya ukingo. Kijistari hicho ni mshono wa kalibu: madini yaliyeyushwa, yakamiminwa kati ya vipande viwili, na vilipokutana pakabaki alama. Sarafu halali za siku hizi hugongwa kwa muhuri wa chuma kwa nguvu kubwa, ndiyo maana herufi zake ni kali na uwazi uliopo kati yake ni laini. Ya kumiminwa huwa na vitundu vidogo vya hewa, na herufi zake zimeviringika kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika.

Uchakavu nao una tabia yake. Hula kwanza palipoinuka, yaani shavu, nywele na mzingo wa nje, kisha ndipo uguse mabondeni. Ukiona palipoinuka ni pazima lakini mabondeni pamejaa chunjuachunjua, huo si uchakavu.

Kisha ishike kwa vidole viwili, kimoja juu kimoja chini, uigeuze. Toleo moja lina mpangilio mmoja: ama pande zote mbili husimama wima, ama upande wa pili huonekana kichwa chini. Yako ikikaa mshazari na mwenzake amenyooka, iweke kando. Pauni ya duara ya Uingereza iliteswa sana na jambo hili. Kiwanda cha sarafu cha huko, Royal Mint, kilikadiria kwamba takriban moja kati ya kila 30 ilikuwa bandia, na nyingi zilijulikana kwa pande zisizolingana, au kwa picha ya mwaka mmoja kuwekewa tarehe ya mwaka mwingine. Machi 2017 ikaja pauni mpya ya pande 12 yenye madini ya rangi mbili, na Oktoba mwaka huohuo ile ya duara ikakoma kuwa fedha halali.

Kuhusu uzito, mkono usiuamini. Yen 500 ya zamani ya Japani ilikuwa na gramu 7.2, na won 500 ya Korea Kusini gramu 7.7, huku upana wake ukiwa mmoja. Wajanja walizipunguza hizo won kidogo tu, mashine za kuuzia vitu zikazipokea kama yen, na mwaka 2000 Japani ikalazimika kubadili madini ya sarafu yake. Kama mashine zilidanganyika, kiganja je? Tumia mizani ndogo inayosoma sehemu za gramu.

Wenzangu kazini wanasema sarafu ikinaswa na sumaku ni bandia. Ni kweli?

Si kweli kwa kila sarafu. Nchi nyingi hutengeneza sarafu za chuma kilichopakwa nikeli au shaba, na hizo hunaswa barabara. Yuro 2 hunaswa kidogo katikati, kwa kuwa kiini chake kina tabaka la nikeli, lakini pete ya nje hainaswi. Jaribu kwanza sumaku kwenye sarafu halali ya aina hiyohiyo, ndipo uijaribu unayoishuku.

Mimi nami nilipewa bila kujua. Nikiitumia kwingine, kosa langu liko wapi?

Kosa ni kwamba sasa unajua. Kupokea bila kujua ni kudhulumiwa; kuitoa ukijua ni kudhulumu, na sheria za nchi nyingi huliita kosa la jinai hata kama wewe hukuighushi. Tena fikiria itaishia kwa nani. Haitaishia kwa mwenye macho makali. Itaishia kwa mtoto aliyetumwa dukani, au bibi asiyeona vizuri, na hao ndio wasioweza kubishana na mtu.

Usiikwaruze wala kuikunja. Ifunge kwenye karatasi, andika uliipata lini na wapi, uipeleke benki au polisi. Kwa kawaida hutarudishiwa thamani yake. Najua inauma, hasa kwa mwenye biashara ndogo, lakini uchungu huo ukomee kwako.

Ila pia msikatae fedha halali kwa uvumi. India watu walizikataa sarafu za rupia 10 kwa sababu hazikufanana, hadi Januari 2018 benki kuu ikatangaza kwamba miundo yote 14 ni halali. Tazameni picha zinazotolewa na benki kuu yenu. Na mteja akikuletea usiyoiamini, mrudishie palepale kwa upole, umwombe nyingine, bila kumwita mwizi mbele ya watu. Mara nyingi naye ameipokea kwenye chenji.