Anza na Kioo na Umeme: Ushauri kwa Anayejiundia Kompyuta ya Gemu

Vijana wengi wanaonifuata hapa Dar es Salaam kuomba ushauri wa kuunda kompyuta ya gemu huanza kwa kuulizia prosesa, yaani ubongo wa kompyuta: ipi ina nguvu kuliko zote kwa fedha walizo nazo? Mimi huwauliza kwanza maswali mawili, yaani watachezea kioo (skrini) cha aina gani, na umeme wa nyumbani kwao ukoje. Kwa muda niliowaundia ndugu na majirani mashine za aina hii, nimeona kwamba mtu akiyajibu maswali hayo kwa ukweli, uchaguzi wa vifaa vilivyobaki huwa mwepesi sana.

Kioo hutangulia kwa sababu ndicho kinachoipangia kazi kadi ya michoro, kifaa kinachochora picha za gemu. Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta milioni 2 na ushee, ambazo kadi hulazimika kuzichora upya mara nyingi katika kila sekunde. Cha 2560 kwa 1440 kina milioni 3.7 hivi, na kile cha 4K kina zaidi ya milioni 8, yaani mara nne ya kile cha kwanza. Mwenye kioo cha 1080 anatoshelezwa na kadi kama RX 6600 ya AMD au RTX 4060 ya NVIDIA, zote zikiwa na kumbukumbu ya GB 8, mradi akubali kupunguza kidogo ubora wa picha katika gemu mpya zilizo nzito. Kwa mwenye bajeti ndogo, ninapendelea kioo cha 1080 chenye kasi ya hezi 144, yaani kinachoweza kuonyesha picha 144 kwa sekunde, kuliko cha 4K ambacho kadi yake itakisukuma kwa taabu, kwa kuwa mchezo unaokwama-kwama haufurahishi hata picha ikiwa kali namna gani.

Sasa umeme. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230, lakini kila mkazi wa mitaa yetu anajua kwamba hupanda na kushuka, na kwamba saa ya kuogopa zaidi ni pale unaporudi baada ya kukatika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba pawa saplai isiwe mahali pa kubania fedha. Ndicho kifaa pekee kinachovilisha vingine vyote, na kikifa vibaya kinaweza kuondoka na bodi mama (ubao unaounganisha vifaa vyote) pamoja na kadi uliyoichangia miezi kadhaa. Wati zilizoandikwa kwenye kibandiko hazitoshi kuwa ushahidi, wala nembo ya 80 Plus haitoshi, kwa sababu nembo hiyo hupima ni kiasi gani cha umeme kinapotea kwa joto, na haisemi lolote kuhusu kinga. Tafuta maelezo yanayotaja kinga dhidi ya volti kuzidi, mzigo kuzidi na shoti, na dhamana ya miaka kadhaa. Ukinunua ya mtumba yenye swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka, kwa kuwa ikiachwa kwenye 115 inaweza kuungua papo hapo.

Hesabu ya wati yenyewe si ngumu. RX 6600 hutumia wati 132 hivi, prosesa ya Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65, na vilivyobaki havifiki 100; kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 550 inabakiza nafasi ya kutosha, na ni bora mara nyingi kuliko ya bei chee iliyoandikwa 750. Ongeza UPS (betri ya akiba umeme unapokatika) au stabilaiza (kifaa cha kutuliza volti) ya kuaminika, na uihesabu ndani ya bajeti tangu mwanzo.

Hapa niwataje wale wanaoanzia na kompyuta za ofisi za mtumba, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, ambazo zimejaa madukani. Ni njia ya heshima kabisa ya kuanza, ila nyingi zina pawa saplai ndogo yenye plagi za kampuni yenyewe, hivyo huwezi kuibadilisha kirahisi. Mashine ya namna hiyo itafutie kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama aina za GTX 1650 zinazotumia wati 75 tu, na upime kwanza kama kasha lake linapokea kadi ndefu au fupi.

Prosesa na bodi mama vichaguliwe kwa pamoja. Soketi (pachiko la prosesa kwenye bodi mama) ya AMD iitwayo AM4 hutumia RAM (kumbukumbu ya muda) za kizazi cha DDR4, na kwa kawaida bei zake ni za chini kuliko za AM5, wakati AM5, iliyotoka mwaka 2022, hukubali DDR5 pekee lakini inakuachia nafasi ya kubadilisha prosesa baadaye. Nunua RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya 16, kisha uwashe XMP (mpangilio wa kasi ya RAM) kwenye BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi mama, la sivyo zitafanya kazi chini ya kasi uliyoilipia. Kwa hifadhi, SSD (diski ya kasi) ya aina ya NVMe yenye TB 1 inatosha. Kasha liwe na uso wa wavu, feni mbili au zaidi na vichujio vinavyovulika, maana Januari na Februari joto letu hupita nyuzi 30 na vumbi halina msimu.

Kadi ya mtumba usiinunue bila kuiona ikifanya kazi. Baada ya sarafu ya kidijitali ya Ethereum kuacha uchimbaji (kutengenezwa kwa kutumia kadi za michoro) Septemba 2022, kadi nyingi zilizotumika mchana na usiku ziliingia sokoni, na zipo pia za zamani zilizobadilishwa programu yake ya ndani (BIOS ya kadi) ili zijitambulishe kwa jina kubwa. Omba dukani waiendeshe kwa gemu nzito kwa nusu saa, sikiliza feni, angalia joto, fungua programu ya GPU-Z usome aina ya chipu na kiasi cha kumbukumbu, kisha udai risiti yenye namba ya kifaa na muda wa kukirudisha.