Kishikwambi sawa, lakini kitabu nacho kifungwe

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kompyuta na simu zimepunguza kazi kwenye zahanati za vijijini. Mimi ni muuguzi wilayani Bahi. Kwetu bado, kwa sababu kazi ileile tunaifanya mara mbili.

Mgonjwa akiingia namjaza kwenye kishikwambi. Akitoka namwandika tena kwenye kitabu cha MTUHA namba 5, yaani rejesta ya wagonjwa wa nje ya mfumo wa serikali wa taarifa za afya, maana wakaguzi wakija wanaomba kitabu. Mjamzito naye ana namba 6 yake. Mawingu ya masika yakitanda, sola ikanywea na mtandao ukapotea, naandika kwanza kwenye daftari la shule, usiku nahamisha. Hapo ni mara tatu.

Juzi alikuja bibi mmoja, kifua kinambana. Mfumo ukataka tarehe ya kuzaliwa.

"Mwanangu, Operesheni ilinikuta nachunga ndama."

Operesheni ya kuhamishia watu vijijini hapa Dodoma ilikuwa 1971, na mchunga ndama ni mtoto wa miaka saba hivi. Nikajaza 1 Januari 1964. Kitabu kingeridhika na "miaka 60 na kitu". Nahisi wazee wengi wa Ugogo, ukiwatazama kwenye kompyuta, wamezaliwa Mwaka Mpya! Tukiwa kwenye hesabu hizo, foleni ilishafika chini ya mbuyu.

Lakini sitasema teknolojia yote ni mzigo, maana kuna 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Februari mama mmoja alijifungua vizuri, kondo la nyuma likagoma kutoka, damu ikawa haikatiki. Dripu ilikuwa inakwenda, sindano ya oksitosini nimeshachoma. Mkono mmoja unakanda tumbo, mwingine umeshika kiswaswadu changu. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, wakamtuma dereva wa jamii, mtu wa hapahapa mwenye Noah, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Mimi nilijaza karatasi ya rufaa tu, basi. Mama yule sasa analeta mtoto kliniki.

Kwa hiyo kishikwambi kibaki, ila siku wakaguzi watakapokubali kukisoma, namba 5 ifungwe. Kwa sasa natembea na peni mbili mfukoni na chaja moja, na chaja yenyewe nimenunua mwenyewe.

Muuguzi, Bahi