Shirika ninalolichangia limevalisha watoto fulana za kubeti. Niendelee au niache?

SWALI: Assalaam aleikum shekhe. Mimi ni fundi cherehani hapa Makorora, Tanga. Mwaka wa pili huu natuma kwa simu shilingi 10,000 kila mwezi kwa shirika linalopika uji kwenye shule za msingi vijijini. Mwezi uliopita walitualika wachangiaji kwenye hafla. Nikakuta watoto wamevalishwa fulana zenye jina la kampuni ya kubeti, wamepangwa mstari juani, kila mmoja anapigwa picha na kikombe chake ndipo anywe. Nikajua pia kwamba viongozi wa shirika si Waislamu. Mume wangu anasema niache, sadaka yangu imeingia haramu. Mimi roho inaniuma, maana uji watoto wanaunywa kweli. Je, niliyotoa nyuma yamekubaliwa? Na niendelee?

JIBU: Wa aleikum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, Mungu akulipe kheri kwa kuuliza. Zainab, mke wa Abdullah bin Masuud, alikwenda mpaka mlangoni kwa Mtume (s.a.w.) kuuliza kama inamtosha kumpa sadaka mumewe na mayatima anaowalea. Mali ilikuwa yake na nia ilikuwa njema, lakini bado alitaka kujua inakoishia. Akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili, wa udugu na wa sadaka. Umeshika njia yake.

Uliyokwisha kutoa usiyahuzunikie. Wamepokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, habari ya mtu aliyetoka usiku na sadaka yake akaitia mkononi mwa mwizi. Usiku mwingine ikaangukia kwa mzinifu, na mwingine kwa tajiri. Watu wakamsema. Yeye akamhimidi Mungu, na akaja kuambiwa kuwa sadaka yake imekubaliwa. Yule hakujua anampa nani, nawe hukujua. Sasa unajua, na kazi yako inaanzia hapa.

Nitakuambia kwa mfano wa cherehani yako. Mteja amekuletea kitambaa, kasema nishonee dera. Huwezi kumkatia kanzu ya mumewe, hata ukiona kanzu ingependeza zaidi. Kitambaa si chako, umeaminiwa. Katika fikihi, yaani elimu ya sheria za dini, shirika unalolipa fedha ni wakili wako namna hiyohiyo: anafungwa na kile ulichomtuma. Na jambo ambalo dini haikuruhusu ulifanye kwa mkono wako, hairuhusu umtume mwingine akufanyie. Basi usilipime shirika kwa jina lake wala kwa maneno ya bango lake. Chukua matendo yake moja moja, ujione wewe ndiye unayeyafanya. Ungeshika upawa umteke mtoto uji? Ungeshika, tena kwa furaha. Ungemvalisha mtoto wa watu jina la kamari, umsimamishe juani, umwambie acheke ndipo umpe kikombe? Jibu lako nimelisoma kwenye swali lenyewe.

Dini ya viongozi isikusumbue. Aya ya 8 ya Sura Al-Mumtahana inasema Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Na Mtume (s.a.w.), kabla ya utume, alihudhuria nyumbani kwa Abdullah bin Judan kile kiapo cha Hilful Fudhul, Makureshi walipoahidiana kumsimamia aliyedhulumiwa. Baadaye akasema lau angeitwa kwenye kiapo kama kile katika Uislamu, angeitikia. Ila zaka yako usiitie humo. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba, na sufuria ya shule inamlisha kila mtoto, mwenye haki ya zaka na asiye nayo.

Kubeti ni kamari, na kamari imeharamishwa waziwazi katika aya ya 90 ya Sura Al-Maida. Lakini hapa mumeo, ambaye wivu wake wa dini naupenda, amechanganya mambo mawili. Shilingi zako zimetoka kwenye sindano, ni halali, wala hazigeuki haramu kwa kuingia sufuria moja na fedha za kampuni. Uji nao si haramu kwa mtoto. Mwanazuoni Imam Ghazali alieleza, na mwenzake wa baadaye Imam Nawawi akamnukuu, kuwa mali ya haramu ambayo mwenyewe hajulikani hutolewa kwa mafukara au kwa maslahi ya watu wote, na fukara aliyepewa kwake ni halali. Kosa liko kwenye fulana. Mtoto wa darasa la pili anarudi nyumbani na tangazo kifuani, kaka yake analiona, na vijana wetu hapa mjini tunawajua wanavyoamka na mkeka wa kubeti mkononi kabla ya chai. Huko ndiko kusaidiana katika dhambi, ambako Sura hiyohiyo imetukataza katika aya ya 2. Na ile picha ya kikombe ni udhia. Al-Baqara, aya ya 264, inasema masimbulizi na udhia huibatilisha sadaka.

Hafla haikuonyeshi kazi. Mimi niliwahi kuchanga, na kuwachangisha wengine msikitini, kwa ajili ya kisima cha kijiji kimoja upande wa Pangani. Siku ya kukizindua maji yalitoka, tukapiga takbir. Nikapita tena baada ya miezi, bila kumwambia mtu. Kibao chenye majina ya wafadhili kilikuwa bado kinang'aa rangi. Mkono wa pampu ulikuwa umefungwa mnyororo na kufuli, na mwenye ufunguo kahama. Mama mmoja akanipita na ndoo kichwani akielekea bondeni. Niliona aibu hata kumsalimia.

Kwa hiyo nenda siku ya kawaida ya shule, asubuhi, saa ya uji. Muulize mpishi unga unafika lini na mara ngapi haukufika. Muulize mwalimu mkuu. Kisha nenda ofisini kwao uombe taarifa ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa. Usione haya, kama wamesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 wanawajibika kuziandaa kila mwaka. Halafu waandikie barua fupi: fedha yangu ni ya uji, sitaki iguse matangazo ya kamari, na naomba watoto wasipigwe picha wakinywa. Huenda hakuna aliyewahi kuwaambia.

Wakikubali, endelea. Wakikataa, hama, ila usiache pengo. Mwezi huohuo tafuta majirani wawili watatu, nunueni unga na sukari, mpelekeeni mwalimu mkuu mkono kwa mkono. Mumeo mwombe abebe mfuko mmoja.

Wallahu aalam.