Wasomaji Wanauliza: Lango la Ngome Mbele ya Nyumba ya Watawa

Swali: Mheshimiwa Mhariri, dada yangu anayeishi Grimsby, mashariki mwa Uingereza, amenialika mwezi wa Julai, na ameahidi kunipeleka kulitazama lango la kale la abasia ya Thornton, karibu na kijiji cha Thornton Curtis. Katika picha naliona kama ngome ya askari. Watu wa sala walihitaji ngome ya nini, na je, kuna cha kutazama humo ndani?
*Msomaji, Jinja*

Jibu: Ndugu msomaji, nenda bila kusita. Abasia hiyo ilianzishwa mwaka 1139 kwa ajili ya makanoni wa Mtakatifu Augustino, yaani mapadri walioishi pamoja kitawa, ambao walitajirika kwa ardhi na biashara ya sufu. Ujenzi wa lango ulianza miaka ya 1360, na mwaka 1382, yaani mwaka mmoja tu baada ya wakulima wa Uingereza kuasi, watawa walipewa kibali cha mfalme cha kuliimarisha kwa namna ya ngome.

Hofu basi ilikuwapo, lakini kwa maoni yangu fahari ndiyo iliyotangulia. Utalifikia lango kwa njia inayovuka handaki, katikati ya kuta ndefu zenye matundu ya kupigia mishale. Ukiinua macho, unakuta sanamu za watakatifu zimepangwa juu ya mlango, pambo ambalo anayetarajia vita tu asingeligharimia. Hata sisi tuliowahi kuingia makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi kwa kupitia Bujjabukula, nyumba yake ya lango, tunajua kwamba lango humweleza mgeni anaingia kwa nani kabla hajamwona mwenyeji.

Tazama pia matofali ya kuchoma, kwa kuwa enzi hizo majengo makubwa ya Uingereza yalikuwa bado yakijengwa kwa mawe. Kisha panda ngazi nyembamba za mzunguko (viatu vya visigino uviache nyumbani) hadi kwenye ukumbi mkubwa ulio juu ya njia ya kuingilia. Abasia ilifungwa mwaka 1539, na Mfalme Henry VIII alifikia hapo mwaka 1541. Kanisa lenyewe limebaki misingi, na kwenye jumba la mikutano lililokuwa na pande nane zimesimama pande mbili tu.

Treni ya kutoka Grimsby kwenda Barton-on-Humber ina kituo kinachoitwa Thornton Abbey, mwendo mfupi wa miguu kutoka langoni, ila siku ya Jumapili treni ni chache, hivyo dada yako aulizie ratiba mapema.