Barabara ikipita shambani kwenu, mashahidi waiteni mapema

Barua ya serikali ya kutwaa ardhi ikifika, kila mtu huuliza atalipwa ngapi. Baada ya kuhangaikia shamba la babu yetu huko Kilifi, mimi huwauliza watu kwanza: siku ya kikao nani atasema nini, na atakuwepo?

Kifungu cha 112 cha Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 kinaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi ifanye kikao isikilize madai kabla ya kuamua fidia. Tangazo la kikao hicho hutoka katika Gazeti Rasmi angalau siku 15 kabla. Wengi huenda kama wanaoenda baraza la chifu, wasikilize, watie sahihi, warudi. Kumbe hapo Tume ina nguvu za mahakama: huita mashahidi, huwaapisha, huwahoji, na humlazimisha mtu kutoa hati za umiliki. Nawe una haki ya kuleta ushahidi wako, kuita mashahidi na kuwauliza maswali.

Sisi tuliokolewa na hilo la hati. Hatimiliki ilikuwa bado kwa jina la marehemu babu, imefungiwa sandukuni kwa ami mmoja asiyesemezana na nduguze. Tukambembeleza, tukatuma wazee, wapi! Tukaiomba Tume kwa barua imwite. Samansi, yaani wito rasmi wa Tume, ilipomfikia alikuja, kanzu imenyooshwa pasi, hati kaiviringisha ndani ya gazeti kuukuu. (Kumpelekea ami samansi si mchezo. Yuko shangazi ambaye hatupi salamu hadi leo.)

Barua yenyewe iwe fupi: jina la shahidi, anakoishi, nambari ya ploti, na karatasi aliyo nayo au jambo analolijua. Ukiandika tu "aje aseme ukweli", hujaomba kitu. Ipeleke pamoja na dai lako la fidia, ambalo lazima lifike kwa maandishi kabla ya kikao au siku yenyewe, nawe ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Omba pia aliyehesabu mali shambani awepo. Kwetu minazi ilipungua kwenye karatasi, na ile michanga haikuandikwa kabisa. Muulize alikuja siku gani, nani alimwonyesha mpaka, miti midogo aliihesabu vipi. Usigombane naye. Hakikisha majibu yameandikwa, kwa sababu usiporidhika na fidia utayahitaji mbele ya jopo la rufaa za utwaaji ardhi lililoundwa na marekebisho ya sheria ya 2019.

Usiye na hati usijitoe. Katiba, ibara ya 40(4), inaruhusu wakaaji wa nia njema wafidiwe hata bila hatimiliki, na hapo mashahidi ndio tegemeo lako. Mzee anayeijua mipaka ya zamani hana haja ya samansi. Mwendee kwake, mwambie siku na saa, umwachie na nauli.