Maji ya Ramadhani: usiyasubirishe hadi daku

Muulize aliyefunga kwa nini saa 9 alasiri kichwa kinamgonga na mwili umelegea, atakwambia njaa. Mara nyingi ni maji. Mafuta mwilini yanatosha kuvuka saumu nzima, ila maji hayana ghala: yanatoka kutwa kwa jasho, pumzi na mkojo. Mtu wa kilo 70 akipoteza lita 1.4, yaani asilimia 2 ya uzito wake, ujazo wa damu unashuka na moyo unapiga haraka ili kufidia. Umakini nao unayumba, hata hesabu ndogo ya chenji inakukera.

Huku pwani, Mombasa hadi Dar es Salaam, tuko karibu na ikweta, kwa hiyo saumu ni kama saa 13 na nusu kila mwaka, iangukie mwezi wowote. Zinabaki saa 10 na nusu za kunywa, na wengi wanazipoteza kisha wanabugia chupa ya lita 1.5 dakika chache kabla ya adhana ya alfajiri. Maji ya mpigo namna hiyo yanazimua damu. Ubongo ukihisi hivyo unapunguza homoni inayozuia mkojo, na figo zinafungulia. Kabla jua halijapanda umeshakwenda chooni mara tatu, na sehemu kubwa ya chupa imeishia huko.

Kwa anayefanya kazi kivulini, lenga lita 2 na robo, kwa glasi ya mililita 250. Fungua kwa glasi 2 za polepole pamoja na tende, kisha bakuli la uji, nalo lihesabu kama glasi moja. Kuanzia Magharibi glasi moja kila saa. Ukilala saa 5 usiku zimetimia 4. Beba chupa uendapo tarawehe. Daku zibaki 2 tu, unywe huku unakula. Fundi wa mjengo na bodaboda waongeze glasi 3 au 4 usiku, maana jasho lao ni jingine kabisa.

Chakula cha daku nacho kinaamua mengi. Wali na maharage vyenye chumvi ya kawaida, na kipande cha tikiti au tango, vinasaidia maji kukaa. Ng'onda na achari ziache kwa futari, kwa sababu chumvi nyingi itakuamshia kiu mapema. Dafu ni zuri, ingawa lina potasiamu nyingi kuliko sodiamu, kwa hiyo halichukui nafasi ya chumvi ya jasho.

Kichwa kikiuma siku mbili tatu za mwanzo tu, shuku chai au kahawa uliyoikatiza ghafla. Dawa yake ni kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla ya mwezi kuandama.

Kipimo ni mkojo wa kabla ya kulala: uwe njano hafifu. Ukiwa bado kama chai ya rangi, ongeza glasi. Mkojo wa jioni kabla ya kufuturu usikutishe, lazima utakoza.

Wenye figo, moyo au kisukari wamwone daktari kabla ya kufunga, kwani kwa baadhi yao hata kiasi cha maji huwa na mpaka. Na ukianza kuharisha, kutapika au kuona kizunguzungu kila unaposimama, fungua. Kunywa maji ya chumvichumvi ya pakiti. Yakikosekana, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote visawazishwe juu. Chumvi isizidi hapo.