Babu asiyejua siku aliyozaliwa

Bi Mkunga, salaam aleikum.

Mimi ni mzee wa miaka 74, naishi Pongwe, Tanga. Mke wangu alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita. Binti yetu yuko Dar es Salaam, na kila likizo ya Juni ananiletea watoto wake wawili, wa kike na wa kiume. Nawaogesha, nawapikia uji, jioni tunamwagilia mchicha pamoja. Usiku wanakataa kitanda chao, wanakuja kunibana kwangu.

Wiki iliyopita yule wa kike alitimiza miaka 9. Mama yake akatuma pesa ya keki, mjomba wao akaleta maputo, watoto wa jirani wakammwagia maji mpaka akatetemeka, na kipupwe hiki. Alipokwisha kubadilisha nguo akaniuliza, "Babu, na yako lini?" Nikamwambia sijui. Akadhani namtania. Nikampa kitambulisho changu, kimeandikwa 1 Julai 1951, akafurahi, akataka tuanze kujiandaa. Ikabidi nimweleze kwamba tarehe ile si yangu. Karani aliniuliza, nikakosa jibu, akaandika hiyo kama alivyowaandikia wazee wengine tuliokuwa nao kwenye foleni. Mtoto akanyamaza. Asubuhi yake akaniambia, "Babu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kukupikia?" Neno lile limenikaa kifuani mpaka leo.

Ninachojua ni kidogo. Baba alikuja kutoka Kigoma kama manamba, yaani kibarua wa mashamba ya mkonge, na kipande chake cha kazi nilikiona nikiwa mdogo, kilikuwa cha mwaka 1949. Mama, Mdigo wa huku huku, alisema walioana mwaka 1950, na mwaka uliofuata nikazaliwa, usiku wa kuamkia Idi ndogo. Alisema ilikuwa baridi, na wanawake wa kambini walikuwa wameshawasha moto wa kupikia sikukuu.

Siku yangu inaweza kupatikana? Na la pili, watoto wanataka kwenda Amboni kuona mapango, na Raskazone baharini. Magoti yangu mabovu, na mama yao ameshasema kwenye simu hataki kusikia habari ya pango wala ya maji. Nifanyeje?

Babu wa Pongwe

*

Wa aleikum salaam, kaka yangu. Na shikamoo, kwa kuwa umenizidi miaka minne.

Barua yako niliisoma jioni, nikatoa karatasi na kalamu palepale. Siku yako inapatikana. Mama yako alikuachia kila kitu kinachohitajika.

Nimezalisha kwa miaka 34. Wanawake wa rika la mama yako, na hata wengi waliowafuata, ukiwauliza tarehe walikutajia mfungo, yaani mwezi unaohesabiwa tangu Ramadhani iishe. "Mfungo sita, siku chache baada ya maulidi." Au walikutajia upepo, kwamba kaskazi lilikuwa linaisha na bahari imetulia. Mmoja aliniambia mahindi yalikuwa yamemfika kiunoni. Wauguzi wasichana waliokuwa wapya wodini waliandika "hajui" kwenye rejesta, nami nilikuwa nikiwarudisha wakakae tena na yule mama, maana alikuwa anajua sawasawa, ila hakutumia kalenda ya ukutani. Nilikuwa mkali sana kwenye jambo hilo, na sijutii.

Sasa tuhesabu. Idi ndogo ni siku ya kwanza ya mfungo mosi. Ramadhani ya mwaka 1951, ambayo ni ya mwaka 1370 wa Hijria, ilianza mwanzoni mwa Juni, karibu tarehe 6. Ongeza siku 30, Idi inaangukia tarehe 6 Julai 1951, na ilikuwa Ijumaa. Mwezi huandama kwa kuonekana, kwa hiyo Pongwe huenda walisali siku moja kabla au siku moja baada. Lakini ile baridi aliyoitaja mama yako inakaa mahali pake, Julai ni kipupwe chenyewe. Angesema lilikuwa joto la kaskazi ningeitilia shaka hesabu yote. Na hata tukisema alikosea mwaka mmoja, Idi ya 1950 ilikuwa katikati ya Julai na ya 1952 ilikuwa Juni mwishoni, bado tuko kwenye kipupwe. Mimi namwamini na mwaka wake, kwa sababu ana harusi yake ya kuufungia, na mwanamke hapotezi mwaka wa harusi yake.

Kwa hiyo karani alikukosa kwa siku tano tu. Kitambulisho usikiguse, tafadhali. Namba yenyewe inaanza na mwaka, mwezi na siku ile aliyoandika yeye, na benki, mafao na laini ya simu vyote vimeshikana na namba hiyo. Tarehe 1 Julai iache iwe ya ofisini. Ya nyumbani ni tarehe 6.

Mwaka 2016 Idi ndogo ilirudi tena wiki hiyo hiyo, tarehe 6 na 7 Julai. Ulikuwa unatimiza miaka 65, umesali Idi, umekula pilau na mkeo akiwa hai, na hukujua. Hilo limeniuma kidogo nilipoliona kwenye karatasi.

Ila lile swali la mjukuu wako lina jibu, na ningependa umjibu leo leo, usingoje tarehe. Mwambie usiku ule kambi nzima ilikuwa inapika. Kila mlango ulikuwa na moto, nazi zinakunwa, mchele unachambuliwa, na katikati ya moshi huo wewe ukalia mara ya kwanza. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia Idi amepikiwa na watu wote, hata wasiomjua. Nimeshawapokea kadhaa wa namna hiyo, na ndugu zao walikuwa wanakuja wodini na sahani bado ni za moto.

Tarehe 6 ina jambo jingine jema. Kesho yake ni Sabasaba, siku TANU ilipozaliwa mwaka 1954, watu hawaendi kazini, na mara nyingi shule huwa hazijafunguliwa. Binti yako anaweza kupanda basi kutoka Dar akalala kwako. Mwombe aje. Usimwambie kwa kupitia watoto, mpigie wewe mwenyewe.

Na hapo ndipo tunafika kwenye matembezi. Kaka yangu, mama yao ana haki. Nilikwenda Amboni na wajukuu watatu. Ni karibu tu, kama kilometa 8 kaskazini mwa mji, njia ya Horohoro, pale Kiomoni. Mapango yapo kumi lakini wageni huingizwa moja, na kuna waongozaji. Ndani ni giza, kuna mahali unapita umeinama, kuna mahali pa kupanda jiwe lenye utelezi, na popo wako juu ya kichwa. Mkubwa wangu hakutaka kutoka. Mdogo, wa rika la huyo wa kwako, alinishika shingo akalia mpaka nikarudi naye nje, na goti langu la kushoto lilivimba siku nne. Kwa hiyo Amboni aende binti wa miaka 9 na mjomba wake, na mwongozaji mbele, tochi mkononi, na viatu vya kufunga, si kandambili. Wewe na mdogo kaeni nje kivulini upande wa mto Mkulumuzi. Hutakosa kitu. Yeye akitoka atakusimulia popo wote mmoja mmoja.

Baharini ni suala la saa. Mwezi huu kusi linavuma, na kuanzia adhuhuri maji ya Raskazone yanachafuka. Nendeni asubuhi, maji yakiwa yanapwa, watembee mchangani wakitafuta kaa. Siku za mwezi mchanga na mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali sana na yanarudi kwa nguvu, kwa hiyo muulize mvuvi kabla hamjashuka. Kama hakuna mtu mzima anayejua kuogelea, mwisho ni magotini. Mweleze binti yako hayo yote kabla ya kutoka, nani anakwenda, saa ngapi mnarudi. Mimi niliwahi kuwapeleka wajukuu baharini kimyakimya, nikidhani namkinga mama yao na wasiwasi. Alikuja kujua kwa mchanga aliouona kwenye masikio ya mtoto. Ilituchukua miezi kurudi kuzungumza vizuri, na nilikuwa nimestahili.

Lakini ningekuwa wewe, matembezi ya tarehe 6 yenyewe nisingeyapeleka mbali. Unaishi Pongwe! Wape mkonge. Watoto wa Dar wanauona kwenye dirisha la basi tu, mistari na mistari, na hakuna anayewaambia ni kitu gani. Waambie mmea huu ulikuja na Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893, miche ikitoka Florida, na iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62 tu. Waambie manamba waliitwa hivyo kwa sababu ya namba walizopewa, na habari ya Silabu, ile ofisi ya vibarua wa mkonge iliyoanzishwa mwaka 1944 kuwakusanya watu mikoani kwa ajili ya mashamba. Waonyeshe mkonge uliotoa mlingoti, ule mti mrefu wa katikati unaochomoza mara moja tu, kisha mmea unakufa na vitoto vyake vinadondoka chini vikiwa hai. Kama kuna sehemu unakumbuka kambi ilikuwapo, hata kama ni mwembe mmoja uliobaki, simameni hapo. Magoti yako yatakuruhusu, ni tambarare. Ila mdogo mshike mkono muda wote, maana mwiba ulio kwenye ncha ya jani uko usawa wa jicho la mtoto mfupi. Nimeshaona jicho la namna hiyo.

Keki si lazima. Jirani yako yeyote wa Kidigo atakusaidia mkate wa kumimina, na ndio uliofaa usiku ule wa mama yako. Mchele ulowekwe usiku kucha, asubuhi usagwe na tui zito, sukari, hamira na iliki, uachwe uumuke, kisha uokwe kwenye sufuria, makaa chini na juu ya mfuniko. Hausubiri duka na haugharimu pesa ya mtu wa Dar. Mchele loweka jioni ya tarehe 5, baada ya Magharibi, na anayeuchambua na kuuosha awe huyo binti wa miaka 9.